Kabla ya Kuongeza Wati, Hamisha Spika

Katika sebule nyingi za siku hizi upo ugomvi mmoja unaorudiwa kila familia inapoketi kutazama filamu. Mazungumzo yanapoanza, bibi aliyekaa kiti cha pembeni hulalamika kuwa hasikii maneno. Mjukuu hushika rimoti, akaongeza sauti. Dakika mbili baadaye gari hupinduka katika filamu, kishindo kikatikisa vioo vya kabati, mtoto mchanga akaamka chumbani na jirani akagonga ukuta. Sauti hupunguzwa upesi, na bibi hurudia kutosikia. Mwisho wa mwezi baba mwenye nyumba hukata shauri kwamba dawa ni moja tu, nayo ni kununua seti nyingine yenye wati nyingi zaidi.

Juma hili safu hii inaomba kumzuia baba huyo kidogo kabla hajatoa fedha mfukoni. Aghalabu kinachokosekana nyumbani mwake si nguvu ya umeme. Kinachokosekana ni mambo mawili yasiyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi: unyeti wa spika zenyewe, na mahali zilipowekwa. La kwanza huamuliwa dukani. La pili huamuliwa sebuleni, wala halimgharimu mtu hata senti moja.

DEBE TUPU

Tuanze na hilo boksi. Wananchi wengi wameipa seti nzima ya spika jina la sabufa, ingawa kwa haki sabufa ni ile spika moja tu itoayo mngurumo mzito. Juu ya maboksi ya seti hizo mara nyingi huandikwa maelfu ya wati, na mbele ya tarakimu hizo huwekwa herufi PMPO. Msomaji asibabaike. Herufi hizo hazina kanuni moja ya kimataifa inayoeleza kipimo kichukuliwe namna gani, na kwa hiyo kila kiwanda hujipimia chenyewe. Kipimo chenye maana ni nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo, nayo huonyeshwa kwa herufi RMS.

Ipo pia njia rahisi ya kuupata ukweli. Geuza chombo, usome kibandiko cha nyuma penye maelezo ya umeme kinaoutumia kutoka ukutani. Kikiwa kimeandikwa wati 60, basi chombo hicho hakiwezi kutoa mfululizo zaidi ya wati 60, hata kama boksi lingetaja milioni moja, kwa maana hakuna mtambo utoao zaidi ya ulichopewa. Wahenga walikwisha kusema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Siku hizi debe hilo limebandikwa tarakimu.

UNYETI NI NINI?

Spika ni chombo kinachougeuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa, na kazi hiyo haifanywi kwa wepesi ule ule na spika zote. Ipo spika inayonguruma kwa umeme kidogo tu, na ipo inayodai kulishwa sana ndipo isikike. Wahandisi hupima wepesi huo hivi: spika hupewa wati 1 ya umeme, chombo cha kupimia huwekwa mita 1 mbele yake, na ukali wa sauti husomwa kwa desibeli. Jibu linalopatikana ndilo unyeti wa spika hiyo. Spika nyingi za nyumbani huwa kati ya desibeli 84 na 90. Zile zenye mdomo uliopanuka mfano wa tarumbeta huweza kupita 95.

Tarakimu hizi huonekana kama zimekaribiana, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi, moja baada ya moja. Kila ongezeko la desibeli 3 hudai wati maradufu, na kila ongezeko la desibeli 10 hudai wati mara 10, ilhali sikio la mwanadamu huona kuwa sauti imekua kama mara mbili tu. Mathalani, spika yenye unyeti wa desibeli 90 ikipewa wati 20, ile yenye desibeli 84 itahitaji wati 80 ili kuifikia. Mwenye amplifaya ndogo na spika nyepesi hana sababu ya kumwonea wivu jirani mwenye amplifaya kubwa na spika nzito.

Mnunuzi awe mwangalifu na jambo moja. Baadhi ya watengenezaji hupima kwa volti 2.83 badala ya kutaja wati. Kwa spika ya omu 8, volti hizo ni sawa na wati 1. Lakini kwa spika ya omu 4 ni sawa na wati 2, na kwa hiyo spika hiyo imepewa desibeli 3 za bure katika karatasi yake. Ukilinganisha spika mbili, tazama kwanza kama kipimo ni kimoja.

Je, familia huhitaji wati ngapi? Natupige hesabu. Chukua spika yenye unyeti wa desibeli 87, na kiti kilicho mita 3 mbele yake. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu. Kwa hiyo hadi kufika mita 3 zimekwisha kupungua desibeli 9 na nusu, na wati 1 humfikia msikilizaji ikiwa desibeli 77 na nusu. Ndani ya chumba kuta hurudisha sehemu ya sauti, na upungufu huwa mdogo kuliko huo. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaa mita moja baina yao ni kama desibeli 60. Hata ukitaka maneno ya filamu yakufikie kwa desibeli 70, hujatumia robo ya wati. Kishindo kinachoyapita maneno hayo kwa desibeli 20 hudai nguvu mara 100, nazo ni wati 18 hivi kwa spika hiyo. Basi hesabu ya jioni nzima imekwisha ndani ya wati 20 za kweli kwa kila spika. Maelfu ya boksi ni ya kazi gani?

Hata hivyo, unyeti mdogo si aibu. Spika ikiwa ndogo na bado ikatakiwa kutoa sauti nzito, hulipa kwa kupoteza unyeti. Udogo wa umbo, uzito wa sauti na wepesi wa kulishwa ni mambo matatu ambayo maumbile hayakubali kuyatoa yote pamoja. Anayetaka spika ndogo ya kukaa juu ya rafu ajue tu kuwa itahitaji umeme zaidi, na aikubali hivyo.

MANENO HUKAA KATI

Sasa tuje kwenye maneno yasiyosikika. Hapana budi tujue kwanza watengenezaji wa filamu huyaweka wapi. Mwaka 1931 mhandisi wa Uingereza, Alan Blumlein, aliomba hataza ya mfumo wa sauti wa mikondo miwili. Mojawapo ya makusudio yake ilikuwa sauti ya mchezaji imfuate mahali alipo katika pazia la sinema. Mwaka 1940 filamu ya Walt Disney iitwayo Fantasia ilionyeshwa New York kwa mikondo mitatu ya sauti, pamoja na spika nyingine zilizowazunguka watazamaji. Mwaka 1992 filamu ya Batman Returns ilifungua mlango wa sauti ya kidijitali ya Dolby yenye mikondo sita: kushoto, kati, kulia, pembeni kushoto, pembeni kulia, na mmoja wa mngurumo peke yake. Huo ndio mpango unaoandikwa 5.1 katika seti za nyumbani.

Katika mpango huo sehemu kubwa ya maneno ya wachezaji hutoka katika mkondo wa kati, ili hata aliyekaa pembeni asikie sauti ikitoka mdomoni mwa msemaji. Spika ya kati, basi, ndiyo mama wa nyumba. Ikinyamaza, nyumba nzima haielewani. Cha kusikitisha ni kwamba katika sebule zetu ndiyo hupewa mahali pabaya kuliko zote: ndani ya kabati la televisheni, nyuma ya mlango wa kioo, au chini kabisa ikiwa imeyaelekea magoti ya watu.

Kuna maradhi mengine yanayoipata spika hii, nayo hutokana na unyeti. Mtu amenunua jozi ya spika kubwa za mbele zenye desibeli 91, kisha baada ya mwaka akaongeza spika ya kati ya kiwanda kingine yenye desibeli 85. Amplifaya haijui habari hiyo, nayo hugawa kwa usawa. Matokeo yake ni kwamba muziki na vishindo vya pembeni vinakuja na desibeli 6 zaidi, na maneno yanaachwa nyuma. Mjukuu akiongeza sauti, huongeza vyote pamoja, na tofauti hubaki pale pale.

Dawa yake ni kusawazisha. Amplifaya nyingi za kazi hii zina mahali pa kurekebisha ukali wa kila spika peke yake, na zina mvumo maalumu wa kupimia. Baadhi huja na kipaza sauti kidogo cha kufanya kazi hiyo zenyewe. Asiye nacho atumie simu yenye programu ya kupima sauti. Aiweke penye kiti kikuu, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, aupigishe mvumo katika spika moja moja, na kuongeza au kupunguza hadi zote zisome tarakimu moja. Simu huenda isitaje desibeli za kweli, lakini katika kulinganisha spika na spika inatosha. Yakiwa maneno bado ni dhaifu, ongeza spika ya kati peke yake kwa desibeli 2 au 3. Tazama pia kama chombo chako kina mpango wa usiku, ambao hushusha vishindo na kuinua sauti ndogo.

KAMBA YA MITA TATU

Wenye seti za bei nafuu zisizo na marekebisho hayo wasikate tamaa, maana kuna nguvu nyingine isiyolipiwa. Tumekwisha kuona kuwa umbali ukiwa maradufu sauti hupungua desibeli 6 mahali pa wazi. Kinyume chake pia ni kweli. Spika iliyosogezwa kutoka mita 3 hadi mita 1 na nusu imepata hadi desibeli 6 zaidi, jambo ambalo kwa umeme lingedai wati mara nne. Chumbani faida hiyo hupungua kidogo, lakini ipo. Mwenye kusogeza kiti na spika vikaribiane amenunua amplifaya mpya bila kwenda dukani.

Kwa spika za mbele, chukua kamba ya katani yenye urefu sawa na umbali kutoka kiti kikuu hadi televisheni, tuseme mita 3. Spika ya kushoto na ya kulia ziwe mbali na kiti kwa urefu wa kamba hiyo, na baina yao ziachane kwa urefu huo huo. Umepata pembetatu yenye pande sawa, na kila spika imekaa nyuzi 30 kutoka katikati, kama unavyoelekeza mchoro wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU. Chumba kikiwa chembamba, zikaribie kidogo. Zigeuze zielekee kitini, na vile vispika vidogo vya sauti nyembamba viwe usawa wa masikio, yaani kama mita 1 kutoka sakafuni.

Spika ya kati iwe juu au chini ya televisheni, katikati kabisa. Itolewe hadi ukingoni mwa rafu, ili ubao usiizuie sauti, na iinamishwe au iinuliwe kwa kabari ya mbao hadi iyaelekee masikio. Kabati likiwa na mlango, fungua mlango huo au mwite seremala auondoe.

Spika za pembeni ndizo zinazodhulumiwa zaidi. Katika nyumba nyingi zimepangwa mbele pamoja na zile nyingine, kulia na kushoto mwa televisheni, eti sebule ipendeze. Hapo haziwezi kufanya kazi iliyoletwa. Keti kwenye kiti kikuu, utazame televisheni, kisha nyosha mikono yako sawasawa kushoto na kulia. Ulipoelekeza vidole ni nyuzi 90. Rudisha mikono nyuma kidogo, kama nyuzi 20, na hapo ndipo mahali pake. Zipandishwe juu ya masikio kwa sentimita 60 hivi, ili zisimpigie kelele aliye karibu. Kochi likiwa limegusa ukuta wa nyuma, livute mbele kidogo uwezavyo. Isipowezekana, zitundike spika hizo kwenye kuta za ubavuni, juu ya vichwa.

Ukimaliza kuzipanga, ipe amplifaya umbali wa kweli wa kila spika ikiwa inauliza. Sauti hukimbia mita 343 hivi kwa sekunde, na kila mita huichelewesha kwa karibu elfu 3 za sekunde. Mwaka 1949 mtaalamu wa Ujerumani, Helmut Haas, alionyesha kuwa sauti moja ikitufikia kutoka pande mbili kwa tofauti ndogo ya wakati, sikio huamini kuwa imetoka kule ilikotangulia. Ndiyo sababu spika ya nyuma iliyo karibu mno na kichwa huivuta filamu yote kuelekea kwake. Chombo kikijulishwa umbali, huichelewesha ile ya karibu ili zote zifike pamoja.

SABUFA NA KUTA ZETU

Sabufa ina tabia yake. Mngurumo wa mitetemo 40 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa mita 8 na nusu, refu kuliko sebule nyingi. Sikio haliwezi kutambua vema mngurumo kama huo unatoka upande gani, na kwa hiyo sabufa haina lazima ya kukaa mbele. Lakini kuta huushika. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, mngurumo wa mitetemo 43 hivi kwa sekunde hukaa kama maji yanayosukwa ndani ya pipa: karibu na kuta hizo mbili za mwisho huwa mzito, na katikati ya chumba karibu utoweke. Ndiyo maana watu wawili waliokaa sebule moja hubishana, mmoja akisema mngurumo umezidi na mwingine akisema haupo.

Namna ya kuitafutia mahali ni hii, na watoto wataifurahia. Weka sabufa juu ya kiti kikuu, upige muziki wenye mngurumo, kisha utambae sakafuni kandokando ya kuta ukisikiliza. Pale utakaposikia mngurumo laini, usiovuma wala kukatika, ndipo pa kuiweka. Kuiweka pembeni kabisa, kuta mbili zinapokutana, huiongezea nguvu nyingi bila umeme, lakini mara nyingi huigeuza ngoma. Fauka ya hayo, ni mngurumo huo unaopenya ukuta na kwenda kwa jirani, na katika nyumba zenye vyumba vinavyopakana ustaarabu unatudai kuiondoa sabufa penye ukuta wa wenzetu na kuipunguza usiku unapoingia.

Sakafu ya saruji au vigae, kuta tupu na madirisha ya vioo huyavuruga maneno kwa mwangwi. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia linajibiwa, tandika zulia au jamvi baina ya televisheni na viti, na utundike mapazia mazito. Huo nao ni uwekezaji bora kuliko wati.

MASIKIO YA WATOTO

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na ITU walitoa kiwango cha usalama kwa vyombo vya kusikilizia muziki vya mtu binafsi. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa juma, na kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila desibeli 3 zinazozidi hupunguza muda huo nusu. Kwa hiyo mtu mzima akifikia desibeli 90 amebakiwa na saa 4 tu kwa juma zima. Vyombo hivyo si spika za sebuleni, lakini sikio ni lile lile.

Sasa mfikirie mtoto anayependa kulala kwenye mkeka ubavuni mwa spika. Wazazi wamekaa mita 3 kutoka spika hiyo, naye yuko sentimita 75. Mahali pa wazi tofauti hiyo ni desibeli 12, na hata ndani ya chumba inabaki kubwa. Filamu inayowafikia wazazi kwa ukali wa kuvumilika humfikia yeye kwa ukali wa karakana, naye hatalalamika, kwa sababu anafurahi. Usikivu ukiharibiwa na kelele haurudi. Mkeka na usogezwe.

Kazi yote tuliyoieleza humalizika kwa alasiri moja. Anza kwa kusogeza viti na spika, halafu sawazisha ukali wake, halafu tandika zulia. Baada ya hapo tazama filamu ile ile uliyoizoea, kwa sauti ndogo kuliko ya jana. Kama maneno bado hayasikiki, ndipo uende dukani. Na ukienda, muulize muuzaji swali moja kabla ya kuuliza bei: unyeti wa spika hii ni desibeli ngapi?